Mhindi wa Sinema na Mhindi wa Lokitaung

Binadamu huwajua wenzake kwa njia mbili: ama kwa kuchanganyika nao, ama kwa kusimuliwa habari zao. Aliyechanganyika huwa na mizani yake. Akiambiwa kuwa watu wa kabila fulani wote ni wezi, atamkumbuka jirani yake wa kabila hilo aliyemlindia nyumba aliposafiri, na neno lile atalikataa. Aliyesimuliwa tu hana mizani. Analopewa ndilo analolipokea, na msimuliaji akiwa mwongo, huondoka na uongo huku akidhani amebeba elimu.

Leo nataka tuzungumze juu ya msimuliaji mkubwa wa zama zetu, nayo ni sinema, na juu ya watu wa Bara la Asia, ambao sinema za Hollywood zimekuwa zikiwasimulia kwa karibu miaka mia. Mazungumzo haya nayaanzia mbali na mwambao wetu, huko Kakuma katika nchi ya Waturkana, kwa sababu huko ndiko nilikoiona sinema ikifanya kazi yake bila ya mshindani.

Sisi wa Mombasa, Lamu, Malindi na Unguja tumezaliwa tukawakuta Mabohora, Makhoja, Mabaniani, Mabalushi na Washihiri. Tumekopa madukani mwao, tumecheza na watoto wao, tumezikana na kuoana na baadhi yao. Kakuma ni jambo jingine. Kambi ya wakimbizi ya huko ilianzishwa mwaka 1992, walipofika vijana waliokimbia vita vya Sudan. Baadaye wakaja Wasomali, Waethiopia, Wakongo, Warundi na wengineo. Kufikia mwaka 2023, kambi hiyo pamoja na makazi ya Kalobeyei ilikuwa imepita watu 250,000. Humo mna lugha nyingi na mila nyingi, lakini mtu wa kutoka Asia ni nadra. Mtoto aliyezaliwa humo aweza kubaleghe bila ya kuzungumza na Mhindi wala Mchina hata mmoja.

Lakini sinema ipo. Tangu mwaka 2001 shirika la FilmAid lilianza kuonyesha picha kambini, usiku, kwa skrini kubwa iliyobebwa na lori, na watu wakikaa mchangani kwa maelfu. Shirika hilo likawafundisha vijana wakimbizi kushika kamera na kutengeneza picha zao wenyewe, na hiyo ni kazi ya kupongezwa. Kando ya hayo vipo vibanda vya video vya mabati, ambamo mtu hulipa shilingi chache akaangalia picha za mapigano, nyingine zikiwa zimetiwa Kiswahili na mabingwa kama DJ Afro, ambao huwageuza wachezaji wa Hong Kong wakazungumza kama makanga wa matatu.

Nilipokuwa huko nilimwona Mchina mmoja, mtu mzima mwenye miwani, akipima barabara kwa chombo chake. Watoto kama kumi walimzunguka. Hawakumuuliza jina wala kazi anayoifanya. Walipanda miguu hewani, wakapiga ukelele wa vita, wakamwita “Brusilii! Brusilii!” na kumngoja awaonyeshe mateke. Yule bwana akatabasamu, akainama tena kwenye chombo chake. Watoto hawakuwa na ubaya wowote. Kila Mchina waliyepata kumwona kabla ya huyo alikuwa mpiganaji, basi na huyu walimjua tayari kabla hajafungua kinywa. Hiyo ndiyo nguvu ninayoisema.

Hebu tutazame ni Mwasia wa namna gani aliyechorwa na sinema hizo kubwa. Kwanza yupo mwovu mwenye hila. Mwandishi wa Kiingereza, Sax Rohmer, alimbuni daktari wa Kichina aitwaye Fu Manchu, mwenye kucha ndefu na nia ya kuitawala dunia, na Hollywood ikamchukua. Katika picha ya mwaka 1932 aliyeigiza Fu Manchu hakuwa Mchina, bali Mwingereza Boris Karloff, aliyebandikwa vipodozi. Pili yupo wa kuchekesha. Mwaka 1961, katika picha ya Breakfast at Tiffany's, Mmarekani Mickey Rooney alivishwa meno ya bandia akawa Mjapani wa kupiga kelele na kujigonga kila mahali. Mwaka 1968, katika The Party, Peter Sellers alipakwa rangi akawa Mhindi mpumbavu anayeharibu kila akigusacho. Tatu yupo wa kutisha kwa mila zake. Mwaka 1984, katika Indiana Jones and the Temple of Doom, Wahindi wa jumba la kifalme walionyeshwa wakila nyoka, mende na ubongo wa nyani. Serikali ya India ilikataa picha hiyo isipigwe nchini mwake, na watengenezaji wakaenda Sri Lanka. Kuhani mwovu wa picha ile aliigizwa na Amrish Puri, ambaye wapenzi wa picha za Kihindi watamkumbuka kwa sauti yake nzito katika Mr. India ya mwaka 1987.

Na si kwamba Waasia wenye uwezo wa kuigiza hawakuwepo. Anna May Wong, mzaliwa wa Los Angeles wa asili ya Kichina, alikuwa nyota kweli kweli. Lakini The Good Earth ilipotengenezwa mwaka 1937, hadithi ya wakulima wa Kichina, nafasi ya mke wa mkulima ilipewa Luise Rainer, mzungu mzaliwa wa Ujerumani, naye akapata tuzo ya Oscar. Mwaka 1956 John Wayne, yule wa picha za makauboi, alifanywa Genghis Khan! Mchina na Mmongolia walinyimwa hata haki ya kujiigiza.

Waarabu nao ni watu wa Asia, na hapa msomaji wangu atatega sikio zaidi. Mwalimu mmoja wa Marekani, Jack Shaheen, alizichunguza picha zaidi ya 900 zenye Waarabu ndani yake, akatoa kitabu mwaka 2001. Aligundua kuwa zilizomwonyesha Mwarabu kwa uadilifu ni chache mno. Katika nyingi zilizosalia Mwarabu ni gaidi, au ni tajiri mlafi wa mafuta, au ni mwuza watumwa. Nasi, tunaovaa kanzu na kofia, tunajua joto la moto huo. Anayemchora Mwarabu hivyo hana haja ya kutenganisha kati yake na Mswahili aliyesimama foleni ya uwanja wa ndege na jina la Abdalla katika pasi yake.

Huenda mtu akasema: Je, na Bruce Lee? Si stelingi huyo, tena mshindi? Naam, na heshima yake anastahiki. Katika televisheni ya Marekani, mwaka 1966 na 1967, alipewa kazi ya dereva mtumishi wa stelingi wa kizungu. Akaenda Hong Kong, na mwaka 1971 picha ya The Big Boss ikamfanya mtu mkubwa. Alifariki Julai 1973, kabla Enter the Dragon haijatolewa. Watu wanyonge wa Afrika walimpenda kwa kuwa aliwapiga wababe. Lakini tazama waliofuata kumwiga: wamejaa mateke na hawana mama, hawana kodi ya nyumba, hawana mtoto mgonjwa. Sifa moja ikirudiwa mara elfu hugeuka kuwa ukuta, na nyuma ya ukuta huo mtu haonekani. Ndiyo maana Mchina mpima barabara alingojewa apige teke.

Sasa turudi kwetu. Sinema imekuja mpaka mlangoni petu, ikatuchukulia historia yetu. Mwaka 1898, katika ujenzi wa reli kutoka Mombasa kwenda bara, simba wawili wa Tsavo waliwala wafanyakazi wa daraja, wengi wao Wahindi. Kisa hicho kiliandikwa na mhandisi J. H. Patterson katika kitabu cha mwaka 1907. Hollywood ikakitumia katika Bwana Devil ya mwaka 1952, na tena katika The Ghost and the Darkness ya mwaka 1996, iliyopigwa Afrika ya Kusini. Katika hiyo ya pili, mchezaji hodari Om Puri alipewa kuwa Abdullah, kiongozi wa vibarua wa Kihindi. Huyo Abdullah ni mtu wa kununa, kubisha na kuchochea, na wenzake ni umati wa kuliwa na kukimbia. Ushujaa wameachiwa Patterson na mwindaji wa Kimarekani aitwaye Remington, ambaye hakupata kuwako duniani. Alibuniwa.

Ukweli wa reli ile ni mzito kuliko mchezo. Karibu Wahindi 32,000 waliletwa kwa mkataba kuijenga, kuanzia mwaka 1896 hadi ilipofika Ziwa Nyanza mwaka 1901. Karibu 2,500 kati yao walikufa, na waliouawa na simba ni wachache wakilinganishwa na waliouawa na maradhi na ajali. Wengi wa waliosalia walirudi kwao. Waliobaki ni kama 6,700. Na miongoni mwa wale vibarua “waoga” wa sinema alikuwako fundi mmoja, Roshan, aliyetunga shairi refu kwa Kihindustani juu ya simba hao, na tafsiri yake imo katika kitabu cha Patterson. Mimi mtu wa mashairi nauliza: mtunzi huyo amekwenda wapi katika picha? Simba walionekana wanafaa kuonyeshwa, mshairi hakuonekana.

Mhindi mwingine anayependwa na sinema ni yule wa dukani, bahili, mwenye mizani ya kupunja na maneno ya kuvunja lugha. Hata vichekesho vyetu wenyewe, jukwaani na katika televisheni, humleta huyo huyo. Haelezwi ni kwa nini alikuwa dukani. Serikali ya kikoloni ya Kenya iliitenga ardhi nzuri ya nyanda za juu kwa wazungu peke yao, na uamuzi huo ulithibitishwa kutoka London mwaka 1908. Mhindi hakuweza kulima huko. Alibakiwa na biashara, ufundi na ukarani. Kisha watu wakamcheka kwa kuwa mfanya biashara! Nao wengi wa wenye maduka hawakuwa wajukuu wa vibarua wa reli. Walikuja kwa nauli zao wenyewe, wakifuata njia ya majahazi ambayo babu zao waliijua kabla Vasco da Gama hajatia nanga Malindi mwaka 1498.

Wapo watakaosema kuwa huu ni mchezo tu, watu wacheke wakalale. Mimi sisemi kuwa sinema ndiyo iliyomfukuza Mhindi Uganda. Aliyemfukuza ni Idi Amin, alipotangaza Agosti 1972 kuwapa siku 90, akiwashutumu kuwa wamemkamua ng'ombe pasi na kumlisha. Wala sisemi kuwa sinema ndiyo iliyovunja maduka ya Wahindi mjini Nairobi tarehe 1 Agosti 1982, siku ya jaribio la mapinduzi, wakaporwa mali na wanawake wao wakanajisiwa. Ninalosema ni hili: siku hizo watu wengi waliangalia wakaona ni sawa. Na mtu huona ni sawa anapokuwa amekwisha zoea kumwona mwenzake kama sanduku la fedha lenye masharubu. Moyo haumlilii sanduku. Kwanza picha huutia ganzi moyo, kisha mkono wa mwingine hufanya kazi yake bila ya kuzuiwa.

Chuoni, tulipokuwa wadogo, maalim alitufundisha kuwa kuwadhihaki watu kwa asili yao ni dhambi ya ulimi, na huenda wanaodhihakiwa ni bora mbele ya Mungu kuliko wanaodhihaki. Hilo halikuwekewa ukumbi wala tiketi. Haliwi halali kwa kuwa taa zimezimwa.

Basi dawa ni nini? Wengine watataka marufuku. Mimi naamini kuwa dawa ya sinema ni sinema, na ushahidi tunao hapa hapa mwambao. Wazee wetu waliokuwa wakijaa Majestic ya Unguja, Avalon ya Dar es Salaam na Regal ya Mombasa walimwona Raj Kapoor katika Awara ya mwaka 1951 akiwa mtoto wa mitaani, mwenye njaa. Walimwona Nargis katika Mother India ya mwaka 1957 akivuta jembe mwenyewe, akidhulumiwa na mkopeshaji. Katika picha hizo Mhindi alikuwa mwizi na hakimu, tajiri na fukara, mama na mwuaji. Wakazipenda hata tuni zake zikaingia katika taarabu, na marehemu Juma Bhalo akazitia maneno ya Kiswahili yaliyofumbwa barabara. Mtu wa pwani akiambiwa kuwa kila Mhindi ni tajiri, hucheka, kwa sababu amekwisha lia na Mhindi maskini. Kakuma hawakupata bahati hiyo ya majirani, lakini bahati ya picha nyingi na za namna nyingi wanaweza kupewa.

Hata katika siku zetu mambo yameanza kugeuka. Mira Nair, katika Mississippi Masala ya mwaka 1991, alimwonyesha wakili wa Kihindi aliyefukuzwa Kampala, naye anaililia Uganda kama mtu aliyefiwa na mzazi. Mwaka 2020 picha ya Kikorea, Parasite, ilipata tuzo kuu ya Oscar, na mwaka 2023 Michelle Yeoh wa Malaysia akawa Mwasia wa kwanza kupata tuzo ya mchezaji bora wa kike. Lakini hizo ni habari za mbali. Mimi nadai picha moja ya karibu, ambayo mahali pake ni Turkana yenyewe.

Kaskazini ya nchi hiyo hiyo ya Waturkana pana mahali paitwapo Lokitaung, penye mawe na jua. Watu wengi wanajua kuwa Jomo Kenyatta na wenzake walifungwa huko baada ya kesi ya Kapenguria, kabla Kenyatta hajahamishiwa Lodwar mwaka 1959. Ni wachache wanaojua kuwa kabla yao aliwahi kutupwa huko Mhindi. Jina lake ni Makhan Singh, Msikh mzaliwa wa Punjab mwaka 1913, aliyeletwa Kenya akiwa kijana mwaka 1927. Alikuwa mtunzi wa mashairi kwa Kipunjabi, na fundi wa kuunganisha wafanyakazi. Mwaka 1949 yeye na Fred Kubai waliunda shirikisho la vyama vya wafanyakazi wa Afrika ya Mashariki, Mwafrika na Mhindi chini ya paa moja. Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, Nairobi, alisimama akadai uhuru kamili wa nchi zetu, wakati ambapo wengi walikuwa bado wanaomba viti viwili vitatu katika baraza. Mwezi uliofuata akakamatwa. Akapelekwa Lokitaung, kisha Maralal, kisha Dol Dol, na hakuachiliwa mpaka Oktoba 1961. Miaka kumi na moja na zaidi! Alifariki mwaka 1973, na si wengi waliojua kuwa wamepoteza nini.

Nasi wa pwani tunaye wetu. Kisiwa cha Manda, mkabala wa Lamu, kilimfunga Pio Gama Pinto, Mgoa mzaliwa wa Nairobi na mwandishi wa magazeti, tangu mwaka 1954. Aliuawa kwa risasi mjini Nairobi tarehe 24 Februari 1965, akiwa Mbunge wa Kenya huru. Na gazeti la African Standard lilianzishwa Mombasa mwaka 1902 na Bohora mmoja wa Karachi, A. M. Jeevanjee. Mfungwa, mwandishi, mwenye gazeti: hao ndio Wahindi ambao mimi sijapata kuwaona katika sinema kubwa yoyote. Mwenye duka nimemwona mara mia.

Sitaki Mhindi wa sinema afanywe malaika. Wapo Wahindi mabahili na wabaguzi, kama wapo Waswahili mabahili na wabaguzi, na anayeficha hayo naye anadanganya kwa upande wa pili. Ninalotaka ni mtu kamili, mwenye kosa lake na wema wake, mwenye sababu ya kuwa vile alivyo. Mwaka 2017 Serikali ya Kenya iliwatambua Wakenya wa asili ya Asia kuwa kabila la 44 la nchi. Karatasi imekwisha tiwa sahihi. Sasa macho yapewe nayo kitu cha kuona.

Vijana wa Kakuma wamefundishwa kamera. Wanayajua maisha ya kuzuiwa kwenda unakotaka, wanalijua jua la Turkana, wanajua maana ya kuhesabu miaka mahali usipopachagua. Ni nani aliye bora kuliko wao kusimulia habari za Makhan Singh? Tume ya Filamu ya Kenya ina wajibu wa kuwasaidia. Matajiri wa Kihindi wa Mombasa na Nairobi, ambao hulalamika kuwa wanachorwa vibaya, nao watie mkono mfukoni. Na walimu wa Lodwar wawape watoto habari hizo hata kabla picha haijatengenezwa, kwa kuwa mdomo hauhitaji fedha za mtambo.

Wahenga walisema, asiyekujua hakuthamini. Kujuana kukikosa njia ya ujirani, basi kupite katika hicho kitambaa cheupe wanachokikodolea macho usiku, na kitakachopita humo, Inshallah, kiwe kweli.